Miwani Namba Saba

Vichwa vinatembea, miwani haitembei. Huo ndio ulikuwa msemo wake, na aliusema kidevu kikiwa juu, maana aliubuni mwenyewe na ulikuwa haujawahi kumwangusha. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kwenye boti ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Anawavalisha miwani ya kutazamia chini ya maji na mrija wa kupumulia, anawashusha kwenye matumbawe, anaogelea nao wakitazama samaki, kisha anawarudisha botini wote kama walivyokuja. Hilo la mwisho ndilo hasa alilolipwa. Samaki mtu anaweza kuwaona mwenyewe.

Siri yake ilikuwa ubao. Ulikuwa umepigiliwa karibu na ngazi, una misumari kumi na miwili, kila msumari na namba yake kwa rangi nyeupe, na kila miwani ina namba hiyohiyo kwenye mkanda. Mgeni akishuka anashuka na miwani yake. Akipanda anaivua, anakupa, unaisuuza kwenye ndoo, unaitundika. Miwani ikirudi yote, watu wamerudi wote. Ukitaka kuhesabu vichwa, alisema, utakesha: huyu yuko chooni, yule amejilaza mbele, watoto hawakai mahali pamoja, mmoja utamhesabu mara mbili na mwenzake usimwone kabisa. Basi shemeji akiuliza kutoka kwenye usukani, "Vipi?" yeye anatupa jicho ubaoni na kujibu, "Wametimia." Nanga inapanda, safari inaendelea.

Miaka kumi na minne, neno hilohilo. Mwisho gati zima likamwita Wametimia. Mafundi injini, wauza tiketi, mama anayefagia ofisi ya bandari, wote. Hata mwanawe shuleni alijulikana kama mtoto wa Wametimia. Boti tatu za jirani zilikuja kuiga ubao ule, na yeye mwenyewe akaenda kuwapigilia misumari, akiwa na nyundo mkononi na maneno mengi mdomoni. Jina lile alilipenda, tusifichane. Kabla ya boti alikuwa akikunja mashuka ya hoteli katika chumba kisicho na dirisha, ana mtoto mchanga na mume aliyesafiri kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Kuogelea alijifunza ukubwani, shemeji kamshika tumbo majini kama mtoto, watu gatini wanacheka mpaka wanashika mbavu. Alikunywa chumvi, akajikaza. Kwa hiyo mtu kama huyo ukimpa jina la sifa, halivai yeye peke yake. Linavaliwa na miaka yote aliyochekwa.

Asubuhi ninayoisimulia, boti ilikuwa imekodiwa nzima na familia moja, watu tisa, kwa nusu siku: kutoka saa mbili, kurudi saa saba. Aliyekodi alikuwa binti mkubwa wa familia, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa kutoa amri hata anapoomba maji. Alikuja na mumewe na watoto wao wawili. Mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, alikuja na mkewe na wawili wao. Wa tisa alikuwa baba yao, mzee mwembamba mwenye sharubu nene nyeupe, kavaa shati la mikono mirefu kana kwamba anakwenda ofisini.

Wakati shemeji akijaza mafuta, dereva na dada yake walisimama kando ya gati wakibishana kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaodhani anayekunja kamba hana masikio.

"Leo tunamalizana," alisema muuguzi. "Hawezi kuendelea kuishi peke yake. Jiko aliliacha linawaka usiku kucha."

"Jiko ni mara moja. Mimi mwenyewe nimeshaacha gari linanguruma nikaenda kulala. Mzee ana akili zake zote, dada."

"Unangoja nini? Mpaka nyumba iungue?"

"Nangoja kuona kwa macho yangu. Siku nitakayomwona amepotewa, nitamhamisha mimi mwenyewe, hutanisikia nikibisha tena."

Wametimia alisikia yote, akaendelea na kamba zake. Ya watu ni ya watu. Alichojua ni kwamba ana wageni tisa, akashusha miwani tisa.

Mzee alipewa namba saba. Akamkalisha kwenye benchi, akamfunga mkanda, na palepale akaona kazi ipo. Sharubu hazipatani na miwani ya majini. Mpira unatakiwa ushike ngozi, na sharubu zikikaa katikati, maji yanaingia kama nyumbani kwao.

"Baba, hizi ungezipunguza kidogo."

"Hizi?" Mzee alizigusa. "Marehemu mke wangu alinikuta nazo. Nikizinyoa, siku akija kunichukua hatanijua. Atamchukua jirani."

Mwongozaji alicheka mpaka akadondosha kopo la mafuta ya mgando. Akampaka mafuta chini ya pua, taratibu, ili mpira ushike, na mzee akakaa ametulia akimsimulia maisha yake. Alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo karakana. Redio zimefunguliwa matumbo juu ya meza, nyingine wenyewe walishafariki na watoto wao hawakuja kuzichukua. Siku hizi wateja ni wachache, lakini kila asubuhi anafungua mlango, anawasha chombo cha kuchomelea risasi, anashughulika. "Kile chumba ndicho kinachoniamsha," alisema. "Hawa wanataka nikakae sebuleni kwa mtu nitazame televisheni na mkwe wangu." Alisema bila uchungu.

Kituo cha kwanza kilikuwa matumbawe ya nje. Mafuta yalisaidia kwa dakika kama tano. Mzee alimwona samaki mmoja mwenye mistari, akanyoosha kidole, maji yakaingia puani, akaibuka anakohoa na kucheka. Wajukuu wakamshangilia. Walipopanda, miwani tisa kwenye misumari tisa. "Vipi?" "Wametimia."

Kituo cha pili kilikuwa kisiwa kidogo kisichokaliwa, ufukwe upande huu na mgongo wa mawe katikati, ukikizunguka kwa miguu hufiki nusu saa. Boti ilitia nanga karibu sana na ufukwe, maji ya kiunoni. Hapo ndipo palipoharibika, nami nitapaeleza polepole kwa sababu yeye mwenyewe amepapitia mara nyingi mno.

Mume wa muuguzi, mtu mnene mwoga wa maji, alikuwa ameteleza kwenye kina upande wa pili wa boti na kumkaba mwongozaji shingo. Yeye akamtuliza, akamshikisha boya, akawa anamvuta kuelekea ngazini huku yule bwana akihema na kuomba msamaha kwa wakati mmoja. Chini ya ngazi alikuwa amesimama mzee, maji yakimfika kiunoni, kashika miwani mkononi.

"Namba saba yako hii, binti," alisema. "Sharubu zimeshinda. Mimi nakizunguka kisiwa kwa miguu, nipe nusu saa."

Naye akajibu. Hilo ndilo linalomuua. Hakunyamaza, hakuitika tu kwa kichwa. Alisema, "Sawa, baba, usiende mbali," akaipokea kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia uko kwenye boya, akapanda, akaisuuza, akaitundika kwenye msumari wa saba. Kisha akarudi kwa yule bwana mnene, na maneno ya mzee yakamtoka kichwani kama hayakuwahi kusemwa.

Haikupita robo saa shemeji akaanza kutazama maji. Yalikuwa yanapwa haraka, na kati ya kisiwa kile na cha tatu kuna mkono wa mchanga ambao boti ikichelewa haipiti. Akapiga honi. Watu wakapanda wanachuruzika, watoto wanapigania taulo, muuguzi anaamuru kila mtu anywe maji. Miwani ikaja moja moja. Tano, mbili, tisa. Akasuuza, akatundika. Akatupa jicho ubaoni: tisa.

"Vipi?"

"Wametimia."

Boti ikaondoka. Na usiwalaumu wanawe. Boti ile ilikuwa na kivuli katikati na magodoro mbele. Muuguzi alidhani baba yuko mbele na dereva, dereva alidhani baba yuko kivulini na dada yake. Kila mmoja alikuwa na baba kichwani, akatulia.

Ilipofika saa tano kamili, muuguzi akasimama na kidonge cha presha mkononi na chupa ya maji. Akaenda mbele. Akarudi. Akagonga mlango wa choo. Hakupiga kelele, watu wa wodini hawapigi kelele. Alisema tu, "Baba yuko wapi?"

Shemeji aliizungusha boti bila kuambiwa. Akamwita mwongozaji karibu na usukani.

"Ulisema wametimia."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Miwani yake ipo, shemeji."

"Sikukuuliza miwani."

Akageuka kutazama ubao. Namba saba ilikuwa inaning'inia palepale, na kwenye mpira wake, chini ya pua, kulikuwa na utando wa mafuta ya mgando ambao maji ya ndoo hayakuutoa. Hapo ndipo sauti ya mzee ikamrudia, neno kwa neno. Nipe nusu saa. Akashika nguzo. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku za kufundishwa kuogelea, maana ile ilikuwa ya mtu asiyejua, na hii ilikuwa ya mtu anayejua. Alijiambia, nikifika nitasema. Kwanza mzee apatikane, kisha nitasema.

Mkono wa mchanga walikuwa hawajaufikia, na safari ya kurudi ilichukua dakika ishirini. Muuguzi alisimama mbele kabisa amekunja ngumi, na kidonge kilikuwa kinamlainikia kiganjani. Mjukuu mmoja aliuliza kama kisiwa kinazama maji yakijaa, mama yake akamziba mdomo. Hakuna aliyemtazama mwongozaji, na yeye alishukuru, na kwa shukrani hiyo pia akaona aibu.

Mzee alikuwa amesimama ufukweni, suruali kaikunja magotini, shati amelifunga kichwani kujikinga na jua. Hakupunga mkono. Alingoja tu kama mtu aliye kituoni anayejua gari litakuja. Muuguzi aliruka majini na nguo zake, akamfikia, akamshika mashavu, akamtazama mboni za macho kama mgonjwa.

"Baba, ulikuwa wapi? Hukusikia honi?"

Mwongozaji naye alikuwa ameshashuka, yuko hatua tatu nyuma, mdomo wazi. Alikuwa tayari. Nakwambia alikuwa tayari, neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini halikutoka. Alihema tu. Mzee akamwangalia juu ya bega la binti yake. Akamwangalia kitambo.

"Honi niliisikia," akasema mzee. "Nilikaa kwenye mawe kule nyuma, nikapitiwa. Nilijisahau tu. Msigombane na mtu."

Shemeji kule botini akashusha pumzi ambayo kila mtu aliisikia. Mwaka uliopita boti ya jirani ilisimamishwa msimu mzima kwa kosa dogo kuliko hili. Na Wametimia, aliyejiambia atasema, alijikuta amemshika mzee mkono, anamsaidia kupanda ngazi, anasema, "Taratibu, baba, ngazi inateleza." Maneno mazuri, ya kazi. Hayo yalitoka.

Kisiwa cha tatu kikafutwa. Walirudi moja kwa moja, na njia nzima ikawa baraza. Mzee walimlaza mbele kwenye godoro na kumfunika taulo, macho kayafumba. Wengine walikaa kivulini, na mwongozaji alikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, anapanga viatu vya kuogelea vilivyokwisha kupangwa.

"Umeona," alisema muuguzi. Hakusema kwa ushindi. Alikuwa analia.

Dereva aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Nimeona."

"Amesikia honi, akakaa. Amesikia, halafu akakaa."

"Nimeona, dada, basi. Nilisema nikiona kwa macho yangu. Atakuja kwangu. Mwezi huu huu, kabla mvua hazijaanza. Ile nyumba tutaipangisha."

"Na zile redio?"

"Redio atazifanyia nini kwangu? Sanduku moja tu, la kumliwaza."

Mwongozaji alishika jozi moja ya viatu, akaviweka chini, akavishika tena. Sasa. Sema sasa. Si yeye aliyesahau, ni mimi. Aliniambia, nikamjibu, nikamsahau. Maneno manane hayafiki hata dakika. Akainua kichwa, na shemeji kule kwenye usukani akakohoa. Kikohozi tu. Lakini miaka kumi na minne mtu unakijua kikohozi cha mwenzako. Akamfikiria dada yake, akafikiria kibali cha boti, ada ya mtoto, kisha, na hili ndilo aliloliona mwishoni kuwa ndilo la kwanza, akafikiria gati. Akaona mafundi injini na wauza tiketi wakigeuzana macho. Akalisikia jina lake likitamkwa kwa kicheko kile cha zamani. Akainama akaendelea kupanga viatu.

Mficha uchi hazai, wanasema, na wengine husema tu kwa sababu ni msemo. Yeye siku ile aliufahamu.

Gatini familia ilishuka. Muuguzi alishukuru kila mtu, hata shemeji. Dereva alimshika baba yake kwapani kwa uangalifu ambao asubuhi haukuwepo. Asubuhi mzee alishuka ngazi za gati mwenyewe akipiga mluzi. Sasa alishikwa pande mbili, na wajukuu wakaambiwa wampishe babu, na yeye akaenda anavyopelekwa. Mwongozaji aliutazama mwendo ule hadi wakafika kwenye maegesho. Hapo ndipo kitu kikamvunjika. Aliacha ndoo, aliacha kila kitu, akakimbia peku juu ya kokoto.

Mzee alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa. Muuguzi alikuwa anapakia mikoba.

"Dada," alisema mwongozaji, anahema. "Dada, si yeye. Ni mimi. Baba aliniambia anakwenda kutembea, akanipa miwani, nikamjibu sawa. Nikasahau. Mimi ndiye niliyesahau. Nikasema wametimia na yeye hayupo."

Muuguzi alisimama na mkoba mkononi. Uso wake ulikuwa umechoka. Alimtazama yule mwanamke aliyelowa, aliyekuja mbio peku, machozi yanamtoka, na polepole uso wake ukalainika.

"Dada yangu," alisema, "mbona hukusema kule?"

"Niliogopa."

"Hapana. Umetusikia njiani tukimjadili, ndiyo hivyo. Umemhurumia. Hata mimi wodini ndugu wa wagonjwa huniambia, muuguzi, hakuanguka, mimi nilimsukuma. Wanataka kuwatunzia heshima." Akaweka mkoba chini. "Baba mwenyewe amekiri. Alisikia honi. Una roho nzuri sana, nakushukuru."

"Si roho nzuri, dada. Nakwambia kweli."

"Najua," alisema muuguzi, kwa sauti ile ya kumtuliza mtu, akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu, nguo kavu alizobadili juu ya nguo za mwenzake zilizolowa. Wametimia alisimama ndani ya mikono ile akitamani ardhi ipasuke. Angetukanwa angepona. Dereva naye akaja akamshika bega, akasema watu kama yeye siku hizi hawapo.

Walipozunguka kuingia garini, akasogea dirishani. Mzee alikuwa amesikia kila kitu. Sharubu zilikuwa zimekauka na chumvi.

"Baba, kwa nini ulisema vile? Honi uliisikia kweli?"

"Honi sikuisikia," alisema mzee. "Upepo ulikuwa unakwenda upande mwingine."

"Sasa kwa nini?"

"Nilikuona umekosa pumzi. Nikakushikia kidogo, mpaka uipate." Hakuwa na hasira, na ndiyo maana hakukuwa na pa kujificha. "Nilijua ukiipata utasema mwenyewe, palepale, mbele yao. Wangekuamini, mwanangu. Mchangani pale wangekuamini."

"Waambie sasa, baba. Waambie wewe."

"Mimi?" Mzee akacheka kidogo, akatazama mikono yake. "Mimi si nimepitiwa?"

Gari likaondoka. Alisimama maegesho mpaka nyayo zikaanza kumchoma.

Jioni hiyo alimwambia shemeji yote, pamoja na ile "sawa, baba." Shemeji alikuwa anafuta injini. Bila kuacha kufuta akasema, "Mzee mwenyewe amekwishasema. Yameisha hayo." Dada yake alipoambiwa alimpakulia chakula na kumwambia asijitese, kila mtu hukosea, na siku hiyo hakuna aliyekufa. Ni kweli, hakuna aliyekufa. Alikila kile chakula.

Baada ya miezi miwili alichukua namba ya muuguzi kwenye daftari la wageni, akapiga. Alikuwa amejipanga, ameandika kwenye karatasi atakachosema ili ulimi usimkimbie tena. Muuguzi alifurahi kumsikia.

"Baba hajambo, yuko kwa mdogo wangu. Amepoa tu. Tulimpelekea sanduku la redio zake, hata hajalifungua. Anakaa sebuleni anatazama televisheni na mkwe wake. Ndio uzee huo, tutafanyaje."

Akamsomea ile karatasi, yote, mpaka mwisho. Upande wa pili muuguzi akasema kwa upole, "Wewe nawe, bado tu unamtetea. Nitamwambia umempigia. Sijui kama atakukumbuka."

Siku iliyofuata aling'oa ubao. Misumari kumi na miwili, kwa nyundo ileile. Akaenda na kwenye zile boti tatu za jirani, akang'oa na mbao zao, na walipomuuliza kulikoni akasema ubao unadanganya, hesabuni watu, mguseni kila mtu begani. Walimcheka kidogo, wakasema umri unamwingia. Sasa nanga haipandi mpaka amepita mwenyewe, choo kwa godoro, mkono wake begani kwa kila mgeni, wengine hushtuka. Shemeji akiuliza "Vipi?" yeye hutaja hesabu, "Tisa," au "Sita," na lile neno halijamtoka tena mdomoni. Gatini hawajui lolote. Bado wanamwita Wametimia, nao humwita kwa mapenzi, na yeye huitika.